Arobaini isimfiche mtoto mwenye umanjano



Kamati ya msikiti huletewa habari za mtoto mchanga kwa njia mbili: mwaliko wa aqiqa siku ya saba, au ombi la kuchimbiwa kaburi dogo. Hapa Nyahanga tunapokea zote mbili. Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo mara nyingi huanza na kushika kasi ndani ya siku hizo saba, nalo ni umanjano wa watoto wachanga.

Wengi huuita homa ya manjano. Tuliache jina hilo, kwani homa ya manjano ni maradhi mengine yaenezwayo na mbu. Umanjano wa mtoto hautokani na mbu wala jicho la hasidi. Chembe nyekundu za damu alizozaliwa nazo huvunjika kwa wingi na kutoa rangi ya njano iitwayo bilirubini, na ini lake changa halijamudu kuiondoa yote. Huwapata takribani watoto 6 katika kila 10 waliotimiza miezi, na njiti ndio zaidi. Kwa walio wengi huonekana siku ya pili au ya tatu, kisha hutoweka ndani ya wiki mbili kwa kunyonya vizuri tu.

Hofu yetu ni kwa wale wachache. Bilirubini ikizidi mno huingia ubongoni, na mtoto akinusurika huweza kubaki kiziwi, au mwenye viungo visivyomtii maisha yake yote. Umanjano ukionekana ndani ya saa 24 za mwanzo, ukifika viganjani na nyayoni, au mtoto akilegea, akikataa ziwa, akipata degedege, safari ya hospitali ni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Huko hupimwa damu na kulazwa chini ya mwanga wa buluu, ambao huigeuza bilirubini ili itoke kwa choo na mkojo.

Lakini sisi tuna desturi zetu. Chumba cha mzazi hufungwa madirisha, mama na mtoto hufunikwa, na katika giza hilo macho ya njano hayaonekani. Tukiuliza, tunajibiwa kuwa arobaini haijaisha. Fiqhi ya nifasi tunaijua. Katika madhehebu ya Shafii kawaida yake ni siku 40 na ukomo wake ni 60, na humwondolea mama swala na kumzuilia saumu na tendo la ndoa. Katika milango tuliyosomeshwa hatukuuona unaomkataza kumpeleka mwanawe kwa tabibu. Mahudhurio ya kliniki baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Matatu kati ya hayo yamo ndani ya arobaini.

Bibi zetu husema mtoto aanikwe juani, na hawakukosea kabisa. Katika miaka ya 1950 muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, alibaini kuwa watoto waliotolewa juani walipungukiwa na umanjano, na tiba ya mwanga ikaanzia hapo. Ila kijua cha asubuhi hakimtoshi mtoto aliyezidiwa, na jua la mchana la Kahama litamuunguza. Kumtoa kwenye mwanga kuwe kwa ajili ya kumtazama vizuri: weupe wa macho, ufizi, viganja.

Nguo za kaka yake zilizotunzwa sandukuni nazo ziangaliwe. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, naftalini, huvunja damu ya mtoto aliyerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika nchi zenye malaria. Visiwekwe kabisa kwenye nguo za mtoto.

Limebaki la akina baba walioko machimboni, Kakola au Nyarugusu. Mtoto hulegea, na nyumba nzima hungoja simu ya baba ipatikane ndipo atolewe. Kabla ya kuondoka, baba amwachie mkewe nauli na idhini, na amweleze hivyo bibi wa mtoto, maana mara nyingi ndiye mwenye kauli nyumbani.