Funguo Zisizo Mikononi mwa Mwenye Nyumba

Mtu ahamiapo nyumba mpya, iwe Mji Mkongwe au Ng'ambo, kabla hata ya kutandika kitanda humwita fundi aje abadilishe kufuli. Hamtuhumu aliyemwuzia, ajua tu kwamba ufunguo uliokwisha kupita katika mikono ya wengi hauwezi kumlindia mali yake. Busara hiyo, ambayo hakuna aliyefundishwa darasani, imetupotea mbele ya mlango mmoja mpya ulioingia majumbani mwetu katika miaka ya karibuni. Mlango huo ni kile kisanduku kidogo chenye taa zinazomemeta, kiitwacho ruta, ambacho hutuletea intaneti nyumbani, dukani, skuli na ofisini.

Kila kitokacho na kila kiingiacho hupitia humo: salamu za kijana aliyeko Muscat, malipo ya benki, hesabu za duka la Darajani, maombi ya vyumba katika nyumba za wageni, na majalada ya Serikali. Kisanduku hicho kina maneno ya siri mawili, na wengi wetu twalijua moja tu. La kwanza ni la waifai, ambalo mgeni huliomba mara akaapo kitako. La pili ni la kuitawala ruta yenyewe; alijuaye aweza kubadili kila kilichomo, pamoja na hilo la kwanza. Kwa miaka mingi viwanda vilikuwa na desturi ya kutia neno hilo la pili namna moja katika vifaa vyote vya aina moja, tena neno jepesi, na kuliandika katika vitabu vya maelezo visomwavyo dunia nzima. Basi ajuaye jina la kiwanda amekwisha kuujua ufunguo wa nyumba maelfu kwa maelfu.

Huenda msomaji akauliza: nani atakaye kuingia katika ruta ya mvuvi wa Nungwi au ya mwalimu wa Chake Chake? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba mwizi wa aina hii hachagui nyumba. Mwaka 2016 vijana watatu wa Kimarekani walitunga programu iliyopewa jina la Mirai. Ilizunguka katika intaneti usiku na mchana ikigonga kila mlango, na kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Orodha hiyo fupi ilitosha kuteka kamera na ruta kwa mamia ya maelfu. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo siri ya programu hiyo ilitolewa hadharani, wengine wakaichukua, na tarehe 21 Oktoba jeshi la vifaa vilivyotekwa liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, ambayo kazi yake ilikuwa ni kuonyesha njia ya kuzifikia tovuti. Kwa muda wa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kuzifikia Twitter, Netflix na nyinginezo. Wenye kamera na ruta zile hawakujua kwamba vifaa vyao vilikuwa vitani.

Wala mambo haya si ya Marekani peke yake. Katika Liberia, nchi ya Kiafrika kama yetu, kampuni ya simu ya Lonestar ilishambuliwa kwa jeshi la namna hiyohiyo mwaka 2016. Aliyeshambulia alikuwa mtu wa Uingereza aliyekodiwa na ofisa wa kampuni iliyoshindana nayo kibiashara. Mahakama moja ya London ilimhukumu kifungo cha miezi 32 mwezi Januari 2019, na ilielezwa kwamba Lonestar ilitumia kiasi cha dola 600,000 katika kujikinga. Sisi wa visiwani, ambao mawasiliano yetu na dunia hupita katika njia chache zinazovuka bahari, hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya habari hiyo. Ukiona cha mwenzako chanyolewa, chako tia maji.

Kwa desturi, mazungumzo ya jambo hili huishia kwa kumlaumu mwananchi. Huambiwa kwamba amezembea, kwamba hakubadili neno la siri, na kwamba dawa ni semina. Hatuikatai elimu, sisi wenyewe tutatoa sehemu yake hapa chini. Lakini twasema waziwazi kwamba lawama hiyo imeelekezwa kwa mtu asiye mkosaji mkuu, kwani mtu hawezi kubadili kufuli ya mlango ambao hajaonyeshwa.

Mlango wa namna hiyo upo, na ushahidi wake umekwisha kupatikana zaidi ya mara moja. Mwezi Oktoba 2013 mtaalamu mmoja alichunguza programu ya ndani ya ruta kadhaa za nyumbani za D-Link, akakuta kwamba mtu yeyote aliyejitambulisha kwa mfuatano fulani wa herufi aliruhusiwa kuingia bila ya kuulizwa neno lo lote la siri. Herufi zile ziliposomwa kinyumenyume, ndani yake likaonekana neno la Kiingereza lenye maana ya mlango wa nyuma. Mwishoni mwa mwaka 2020 iligunduliwa akaunti ya siri katika vifaa vya Zyxel vitumiwavyo kulinda mitandao ya maofisi. Akaunti hiyo haikuonekana katika orodha ya watumiaji, neno lake la siri halikuweza kubadilishwa, na vifaa vilivyohusika vilikadiriwa kuzidi 100,000. Kiwanda kilieleza kwamba akaunti iliwekwa kwa nia njema, ili kupeleka marekebisho katika vifaa vingine. Nia njema haikuuzuia ufunguo ule kuwa wa kila mtu siku ulipojulikana.

Tena kuna habari ya Brazili, ambayo yapaswa kumwondolea lawama mwananchi mtiifu. Mwaka 2011 wezi waliitumia kasoro iliyokuwamo katika modemu za viwanda kadhaa, kasoro ambayo iliwapa neno la siri lililowekwa na mwenye kifaa mwenyewe. Modemu zipatazo milioni 4.5 zilibadilishwa. Mteja aliandika anwani sahihi ya benki yake, lakini kisanduku chake kikampeleka katika ukurasa wa uongo uliofanana na ule wa kweli, naye akawakabidhi wezi siri za fedha zake. Hapo aliyebadili neno la siri na asiyebadili waliibiwa sawasawa. Kikulacho, walisema wazee, ki nguoni mwako.

Kampuni za mawasiliano zina hoja yao, na ni haki isikilizwe. Husema kwamba lazima ziwe na njia ya kuifikia ruta ya mteja kutoka mbali, ili zirekebishe hitilafu bila ya kumpeleka fundi kila kijiji. Hoja hiyo ni ya kweli, na hasa kwa visiwa vyetu ambako safari ya fundi kutoka Unguja hadi Pemba ni gharama na ni muda. Hata hivyo, mlango wa kampuni nao wahitaji ulinzi. Mwezi Novemba 2016 wavamizi walijaribu kupenya katika lango la namna hiyo kwenye ruta za Deutsche Telekom ya Ujerumani, lango lililoachwa wazi kwa dunia nzima badala ya kuwa wazi kwa kampuni peke yake. Hawakufaulu kuziteka, lakini wateja wapatao 900,000 walipata taabu ya mawasiliano. Basi njia ya kampuni iwepo, ila mteja ajulishwe kwamba ipo, ufunguo wake uwe tofauti kwa kila kifaa, na isifikike isipokuwa kutoka katika mtandao wa kampuni yenyewe. Na kila aingiaye aandikwe jina na saa, kama ambavyo mgeni huandikwa katika daftari la ofisi.

Nchi nyingine zimekwisha kuamua nani abebe dhamana. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, inayotaka kila kifaa kiwe na neno lake la siri la pekee, au kimlazimishe mtumiaji kuweka jipya kabla ya kukitumia. Uingereza nayo, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku maneno ya siri ya namna moja kwa vifaa vyote, na inamtaka muuzaji atangaze kifaa kitapewa marekebisho ya usalama hadi lini. Atakayekaidi aweza kutozwa faini ifikayo pauni milioni 10, au asilimia 4 ya mapato yake ya dunia nzima, kwa kutazama kipi ni kikubwa. Ni dhahiri kwamba kifaa kilichokataliwa huko hakitatupwa baharini. Kitatafutiwa soko ambalo halijafunga mlango wake.

Hapa petu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwadhibu aingiaye katika kompyuta ya mwenzake bila ya ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huwapa wajibu wale watunzao taarifa za watu. Yote mawili ni mema. Lakini sheria ya kumfunga mwizi si badala ya kufuli. Mvamizi huwa yuko ng'ambo ya bahari, na anwani ionekanayo katika kumbukumbu za uhalifu ni ya ruta iliyotekwa. Polisi wakifuata nyayo hizo, mlango watakaoubisha ni wa mwananchi asiye na habari. Hatupendi kuiona siku ambapo mjane wa Wete ataulizwa juu ya shambulio lililofanywa kwa jina la kisanduku chake.

Kwa hiyo, tuna maombi matatu kwa wenye mamlaka. Kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndiyo huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla ya kutumika nchini, isitoe idhini kwa ruta yo yote yenye neno la siri la namna moja kwa vifaa vyote, au yenye akaunti ambayo haikutajwa katika maelezo yake, na mwingizaji atie sahihi tamko la kwamba haimo. Pili, kampuni zinazomkodisha mteja ruta zihesabiwe kuwa ndizo zenye dhamana ya kuibadilisha ikwishapo muda wake wa kupata marekebisho. Tatu, Serikali ianze na milango yake yenyewe. Ofisi za wilaya, hospitali na skuli zina ruta zilizofungwa na mafundi waliokwisha kuondoka zamani, na ni aibu kumhimiza mwananchi afunge mlango ilhali wetu u wazi. Kila ofisi iteue mtu mmoja, afanye orodha ya visanduku vilivyopo, na aandike ni nani ashikaye ufunguo wa kila kimoja.

Nao wananchi wana sehemu yao, ambayo haichukui hata nusu saa. Badilini neno la siri la kuitawala ruta, mbali na lile la waifai, na mliandike katika daftari litunzwalo nyumbani. Zimeni uwezo wa kuitawala kutoka nje ya nyumba, kama hamuuhitaji. Wekeni marekebisho yatolewayo na kiwanda. Fundi ajapo kufunga ruta mpya, mwulizeni mbele ya mashahidi: humu mna akaunti ngapi, na ni nani mwingine aliye na ufunguo? Asiyeweza kujibu arudi na kisanduku chake.

Swali hilo halina gharama, na kila mwenye nyumba ana haki ya kuliuliza. Lakini kwa kuwa kuna milango ambayo hata fundi haioni, jibu la mwisho halimo mikononi mwa mwenye nyumba. Limo mikononi mwa wale wanaotia muhuri wa idhini, na hao ndio tunaowangoja.