Gramu 980

Mfuko wangu wa kulalia una uzito wa gramu 980. Niliupima jikoni kwa mizani ya unga wa keki, nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Haikupita dakika, mwenzetu mmoja akatuma picha ya wake: gramu 870. Nilikosa raha mpaka jioni.

Wiki hii nimeiangalia tena picha ile na nimeamua kugombana nayo. Mimi mwenyewe nimo ndani ya ugomvi huu, kwa hiyo msomaji usijione umeonewa peke yako.

Tulikuwa saba, wote wa Dar es Salaam, wote wenye kazi za kukaa kwenye viyoyozi, tukijiandaa kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Miezi miwili mizima kundi lile halikuwa na mazungumzo mengine ila vifaa. Tulijifunza, na sikatai kwamba tulijifunza vizuri. Hata ukiniamsha usiku wa manane nitakueleza kwamba kinachokupa joto ndani ya mfuko ule si manyoya, ni hewa. Yale manyoya ya kifuani mwa bata bukini, malaika laini yasiyo na mfupa katikati, hutawanyika na kuishika hewa isitembee. Mwili unaipasha, nayo inatulia palepale. Ubora wake hupimwa kwa namna yanavyofura. Daraja la 800 maana yake gramu 28 za manyoya, kama vijiko viwili vikubwa vya sukari, zinajaza nafasi ya lita 13 hivi. Daraja la 600 litajaza karibu lita 10, kwa hiyo joto lilelile litakugharimu manyoya mengi zaidi na uzito zaidi. Ndiyo maana mfuko wa poliesta wa kukuvusha usiku wa baridi kali unaweza kufika kilo mbili na kupita, na wa manyoya mazuri ukaishia kilo moja.

Tulijua pia ujanja wa namba za joto. Kipimo cha kimataifa hufanyika maabara, kwa sanamu la mtu lililovishwa nguo za ndani na kulazwa juu ya godoro la kambi, na kinatoa namba tatu: ya kulala kwa raha, ya mwisho wa kuvumilia, na ya kunusurika. Hii ya tatu maana yake hutakufa upesi, basi. Muuzaji asiye na haya huiandika hiyohiyo kwa herufi kubwa kuliko zote. Nunua kwa namba ya kwanza. Ukishanunua, tandika godoro chini, maana manyoya unayoyalalia yamebanwa na hayana hewa tena. Usipumulie ndani, mvuke wa pumzi ni maji, na manyoya yakilowa hunywea kama kuku aliyenyeshewa. Uvingirishe kwenye mfuko wa plastiki wakati wa kusafiri, uanike juani asubuhi, na nyumbani usiuhifadhi ukiwa umeshindiliwa.

Haya yote ni ya kweli na yana faida. Lakini katika miezi ile miwili hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza uzito huu tunaupunguza kwa ajili ya mgongo wa nani.

Kwa sababu Kilimanjaro hubebi. Unabeba maji, koti la mvua, karanga na simu. Vilivyobaki vinaingia kwenye begi kubwa, begi linaingia kwenye gunia, na gunia linapanda kichwani au mabegani kwa mtu mwingine. Getini mizigo inapimwa, na sheria ya hifadhi inasema mpagazi asipewe zaidi ya kilo 20. Mizani haiulizi ndani kuna nini. Mfuko wangu ulipungua kilo nzima kulinganisha na wa poliesta, na kilo ile ilijazwa palepale na viazi, mitungi ya gesi na kiti cha kukunja ambacho nilikikalia mimi. Aliyenibebea hakupata wepesi wowote. Wepesi wote ulibaki kwenye picha yangu.

Usiku wa nne tulilala Karanga, karibu mita 4,000 juu ya bahari. Baada ya chakula tulibaki kwenye hema la kulia tukicheza karata. Chai ipo, taa ipo, vicheko vipo. Mpishi alichungulia mara mbili akauliza kama tunahitaji kitu. Tukasema hapana kaka, asante, tuko sawa. Mara ya tatu alikuja kiongozi wetu akasema kwa upole kwamba kesho ni Barafu na usiku wake ndiyo wa kwenda kileleni, ni vizuri tukapumzike. Tukamaliza mchezo kwanza.

Saa saba usiku nilitoka kujisaidia. Mwanga wa tochi yangu ya kichwani ukapita kwenye hema lile la chakula, na mlango wake ulikuwa haujafungwa vizuri. Meza na viti vilikuwa nje, vimeshaota umande ulioganda. Ndani walilala wanaume, sikuwahesabu, wamepangana ubavu kwa ubavu kama dagaa. Ndipo nikaelewa mpishi alikuwa anachungulia nini. Tulikuwa tunacheza karata kwenye chumba chao cha kulala, nao wakisubiri nje, kwenye baridi ya nyuzi chini ya sifuri, wageni wachoke.

Mmoja alikuwa macho, amekaa karibu na mlango. Ni yule kijana aliyebeba begi langu tangu getini. Mfuko wake wa kulalia ulikuwa wa mtumba, zipu imekufa, ameukazia kwa kamba ya katani, na ndani pamba yake ilikuwa imekimbilia miguuni ikawa mabonge. Juu yake amejifunika turubai. Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Kaka, hulali?"

"Nalala dada. Nenda kapumzike, usije ukapata baridi."

"Na wewe?"

"Sisi tumezoea. Si unajua sisi ni wagumu."

Wagumu. Ndilo jina la wapagazi wa mlima ule. Wanajiita hivyo wenyewe kwa fahari, na fahari hiyo wameitolea jasho. Sina haki ya kuwanyang'anya. Ninachokipinga ni matumizi yetu sisi ya jina hilo. Tunalitamka kwa kupendezwa, tunaliimba nao kambini, na likishatamkwa hakuna anayeuliza tena mtu amelala na nini. Daktari yeyote atakwambia damu ya mtu haina ugumu wa namna hiyo. Mpagazi anapanda kutoka Moshi kama mimi, anapita mwinuko uleule kwa siku zilezile, na mwili wake unapoteza joto kwa kanuni zilezile tulizokuwa tukizibishania kwenye simu. Tena yeye amefika kambini akiwa ametoka jasho zaidi yangu, nguo zake zimelowa, na jua lilipokuwa linawaka hakuwa na nafasi ya kuanika kitu kwa sababu alikuwa anateka maji bondeni Karanga. Barafu hakuna maji, hubebwa kutoka huko.

Sayansi hii ya kuhesabu gramu ina mama yake, na inafaa tumkumbuke. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa Kimarekani mwenye miaka 67, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,000. Hakuwa na mfuko wa kulalia kabisa. Alishona begi la kitambaa kizito, akalitundika begani, ndani akatia blanketi, koti la mvua na pazia la plastiki la bafuni. Leo wapenzi wa safari nyepesi wanamtaja kama bibi yao. Lakini alipunguza uzito kwa kuwa mgongo ulikuwa wake. Alipoacha kitu nyumbani, usiku alipata baridi yeye. Faida na hasara zilikuwa kwenye mwili mmoja.

Sisi tumeazima hesabu yake tukaigawa kati ya miili miwili. Joto nimelichukua mimi, uzito nimemwachia mwingine. Na kwa mlima ule, mtu ambaye mfuko mwepesi wenye joto ungemfaa kweli ni yule anayebeba mzigo wa watu kwanza na vitu vyake baadaye. Yeye ndiye anayelazimika kuacha blanketi la pili kwa sababu shingo imefika mwisho. Yeye ndiye ambaye gramu kwake ni gramu. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya mbebaji kimemfikia kila mtu pale mlimani isipokuwa mbebaji.

Nimeshayasikia majibu. Nilipoyasema haya kwenye kundi, mwenzetu mmoja aliandika kwamba ukiwapa mifuko mizuri watauza. Nikamwuliza kama majiko ya gesi yameuzwa, na mahema, na yale machoo ya kubebeka tunayolipia. Hayajauzwa, kwa sababu ni mali ya kampuni, yana namba, yanatolewa stoo na kurudishwa stoo. Mfuko wa kulalia wa mfanyakazi unaweza kukaa kwenye rafu hiyohiyo. Mwingine akasema bei ya safari itapanda. Labda. Tulilipa bila kunung'unika ada ya mtu wa kuosha vyombo, na sisi Waafrika Mashariki ada yetu ya hifadhi ni ndogo mno ukilinganisha na anayolipa mgeni wa Ulaya. Tulibakiwa na fedha za kubishania gramu 110.

Jibu moja tu lilinisumbua, nalo lilitoka kwa kiongozi wetu mwenyewe tuliposhuka. Alisema manyoya ya bata hayawafai wagumu. Hema lina watu wengi, jiko liko jirani, mvuke unatiririka ukutani. Baada ya siku tatu manyoya yatakuwa yamenywea, na huku chini hakuna wa kuyafua kwa sabuni yake na kuyakausha taratibu mpaka mabonge yafunguke. Wape poliesta nzuri, akasema, hata ikilowa inabaki na joto kidogo. Nadhani anajua kuliko mimi, na sitamfundisha kazi mtu aliyefika kileleni mara nisizoweza kuhesabu. Lakini angalieni hoja yenyewe inavyokwenda: manyoya hayawafai kwa sababu wanalala kwenye hema lenye mvuke, na wanalala humo kwa sababu hakuna aliyewaletea mahema ya kutosha. Poliesta basi, kilo zake ziingie kwenye hesabu ya kampuni, zisiwekwe juu ya kilo 20 za mtu.

Kule Moshi, siku moja baada ya kushuka, nilikwenda soko la Memorial kutafuta. Mitumba ya mlimani ipo, ukiamka mapema. Nilifanya yote niliyojifunza: nikafinya mfuko ngumini nikaachia nione unafura kwa haraka gani, nikauinua juani nione mahali palipo patupu, nikaunusa, nikapapasa kama kuna mifupa ya manyoya inayochoma, dalili kwamba wameweka manyoya ya bawa badala ya malaika. Nikapata mmoja wa poliesta, mzito, zipu nzima. Mama muuzaji akaniuliza, "Unapanda lini, mwanangu?" Nikasema nimeshashuka. Akanitazama kama mtu anayenunua mwavuli baada ya masika.

Nilimpelekea yule kijana. Alishukuru, akaukunja vizuri, akauliza kama nitarudi mwaka kesho. Msije mkanisifu kwa hilo. Ule wa gramu 980 nilikuwa nao palepale begini, sikumpa, na mfuko mmoja wa mtumba haumfuniki mtu wa pili aliyelala ubavuni mwake. Kwamba mpagazi apate usingizi kwa bahati ya kukutana na dada mmoja aliyetoka kukojoa usiku, huo si utaratibu.

Mjini Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro unaowaazima nguo na vifaa vya baridi bure. Ni kazi njema, na inanitia aibu kila nikiifikiria, kwa sababu mtu aliyeajiriwa kufanya kazi kwenye barafu anatoka kwenda kuazima koti kwa wasamaria, huku mwajiri wake akimpigia mteja simu kumuuliza anapenda mayai ya namna gani asubuhi.

Mwezi uliopita wenzangu wameanza kupanga safari nyingine, safari hii kwa njia ya Lemosho. Nilijitolea kuwasiliana na kampuni, si ile ya mwanzo. Kijana wa ofisini alikuwa mchangamfu, akanieleza menyu, mitungi ya oksijeni, na kwamba wana mifuko ya kulalia ya kukodisha, ya manyoya, myepesi sana.

"Na wagumu wanalalia nini, kaka?"

"Samahani dada?"

"Wapagazi. Wana mahema yao? Mifuko ya kulalia mnawapa nyie au wanajitafutia?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema wale wamezoea, lakini atamuuliza bosi anipigie. Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Wenzangu wananiuliza kila siku kama nimeshatuma amana, nami nawajibu bado, nasubiri simu.