Kabla orodha haijachapwa, mwenye jina aone skrini

Mubambiro – Mzee akifika kwenye meza ya uandikishaji, anachokiona ni mgongo wa kompyuta. Anaulizwa jina, mwandikishaji anapiga vibonye. Anaulizwa kijiji, vibonye vinapigwa tena. Kisha anaambiwa: "Imeisha, baba. Anayefuata!" Mzee anaondoka bila kuona kilichoandikwa. Atakijua siku ya ugawaji, jina likikosekana, na siku hiyo yule mwandikishaji hayupo.

Watu wa Mubambiro na vijiji vingine vya Masisi wameandikwa mara nyingi. Februari 2024, vita vilipokaribia Sake, familia nyingi zilikimbilia Bulengo, Lushagala na Mugunga. Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, M23 wakaingia Goma, na mwezi wa pili wakimbizi wa ndani wakapewa saa 72 waondoke kambini. Mabanda yakabomolewa, watu wakabeba masufuria na watoto, wakarudi walikotoka au wakatafuta kwa ndugu. Kila kuhama kulileta orodha yake, na orodha za siku hizi zinapita kwenye kompyuta. Mara nyingi ni kompyuta kuukuu, ya mitumba, yenye skrini ndogo iliyofifia, inayotumia umeme wa jua au wa jenereta.

Herufi moja inatosha kuharibu kila kitu. Mama anaitwa Riziki, kwenye orodha ni Liziki. Kwa sikio ni jina lile lile, na jirani yeyote atajua ni nani. Lakini kompyuta haina ujirani. Inatafuta herufi kwa herufi, na ukiandika Riziki itajibu kwamba mtu huyo hayupo. Mwaka wa kuzaliwa nao ni hivyo hivyo: 1968 ikiandikwa 1988, bibi mwenye wajukuu anakuwa dada wa makamo, na pale wazee wanapohudumiwa kwanza yeye anaambiwa arudi nyuma ya mstari.

Kinachonakiliwa nacho hakisomeki vizuri. Kongo, kwa watu wengi, kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Nyingi kati ya zile za 2023 zilianza kufutika maandishi baada ya muda mfupi. Masisi, uandikishaji wa wapiga kura mwaka huo ulishindikana kwa sababu ya vita, kwa hiyo wengi wamebaki na kadi za zamani zilizolowa mvua njiani, au hawana kabisa. Mwandikishaji anakodolea macho kadi iliyofutika, halafu skrini yenye herufi ndogo kama sisimizi. Haihitaji nia mbaya ili akosee.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili ni ya zamani sana. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Macintosh. Skrini yake ilikuwa ya inchi 9 tu, yenye nukta 512 kwa upana na 342 kwa urefu. Ukurasa mzima wa barua haukuenea humo. Huko California, Wes Boyd na Joan Blades, walioanzisha kampuni ya Berkeley Systems, wakatengeneza programu iliyoitwa Stepping Out. Hawakugusa kioo. Waliidanganya kompyuta iamini kwamba meza yake ya kazi ni kubwa kuliko skrini, na skrini ikawa kama dirisha dogo la nyumba kubwa: ukisogeza kipanya hadi ukingoni, dirisha linahamia upande huo na kukuonyesha kilichokuwa kimefichika. Kampuni hiyo hiyo ilifanya pia kazi ya kuwezesha Macintosh kutumiwa na watu wasioona vizuri na vipofu, kwa kukuza maandishi na hata kwa kuyasoma kwa sauti.

Wazo la dirisha dogo linafaa kukumbukwa hapa kwetu. Orodha ya familia ina safu nyingi: jina, jina la baba, kijiji, mwaka, idadi ya watoto. Kwenye skrini ndogo mwandikishaji anaona safu tatu, nyingine ziko nje ya dirisha. Akiteleza mstari mmoja, watoto sita wa nyumba hii wanahamia kwa jirani, na yeye hana habari.

Siku hizi hakuna haja ya kununua kitu. Programu ya kukuza skrini imo ndani ya Windows tangu ile ya 1998, na kwenye kompyuta za Kifaransa zilizojaa huku inaitwa Loupe. Kuanzia Windows 7, unashika kibonye chenye alama ya Windows pamoja na kile cha +, ambacho kwenye kibodi ya Kifaransa kiko jirani na kibonye cha kufuta. Maandishi yanavimba. Kwenye mashine dhaifu yanaweza kuonekana kwenye ukanda wa juu tu, lakini ukanda huo unatosha jina moja. Ukimaliza, alama ya Windows na Esc, mambo yanarudi yalivyokuwa. Vijana wa sekretariati wanaopiga barua na fotokopi wanaweza kujifunza hilo kwa dakika moja.

Kwa hiyo anayeandika watu, awe wa shirika, wa serikali ya mahali au nyumbakumi aliyeazima kompyuta, anapaswa kufanya mambo mawili kabla ya kuchapa: akuze maandishi, kisha amgeuzie mwenye jina skrini. La pili ndilo gumu, maana linataka mtu akubali kusahihishwa na mama aliyevaa kitenge kilichochanika.

Watasema mstari ni mrefu. Ni kweli, na mvua ya Masisi haingoji. Lakini nusu dakika kwa mtu ni kidogo ukilinganisha na kurudishwa mara tatu kwa malalamiko, kwa miguu, na njia zenyewe zinajulikana zilivyo. Watasema wengi hawajui kusoma. Basi wasomewe kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, au mtoto wao anayesoma shule asimame pembeni. Wapo watoto wa darasa la nne wanaoshika kosa kabla ya mwalimu.

Pingamizi lenye uzito ni la usiri. Orodha ina majina ya majirani, na katika eneo hili si vizuri kila mtu ajue nani analala wapi na ana watoto wangapi. Hapa ndipo kukuza kunapozidi kugeuza peke yake. Skrini ya kawaida inaonyesha familia ishirini kwa pamoja. Ikikuzwa sana unabaki mstari mmoja, wa yule aliyesimama mbele yako, na wengine wote wako nje ya dirisha. Meza iwekwe mgongo ukutani, mstari uanzie hatua tano mbali. Kama hakuna ukuta, hata hema linatosha.

Na mzee mwenyewe asisite kuomba. Aseme tu: "Mwanangu, nionyeshe jina langu kwanza." Akishaliona liko sawa, alinakili kwenye kipande cha karatasi herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye orodha, akiweke pamoja na jetoni yake ndani ya mfuko wa plastiki, na akitumie hicho kwenye meza itakayofuata.