Madaftari ya Maabara Yasiuzwe kwa Kilo

Kila mwaka wa masomo unapoisha, maabara za shule na vyuo vyetu hufanyiwa usafi, na karatasi ndizo huanza kutupwa. Madaftari ya praktikali, barua za kuagiza vifaa na kumbukumbu za fundi wa maabara hufungwa kamba yakauzwa kwa kilo, au huishia jalalani na kutiwa kiberiti. Nimefundisha fizikia Mbeya mpaka nikastaafu, na nasema bila kumung'unya maneno: tunachoma historia ya sayansi yetu wenyewe.

Anayetaka ushahidi wa thamani ya karatasi hizo aitazame Iringa, ingawa kisa chenyewe kinaanzia Lushoto. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari na kusubiri yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ikawa ya kugombania, Mpemba akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa yalikuwa bado uji mzito. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipopanda kwenda shule ya Mkwawa, Iringa, swali lilelile likawa kichekesho cha darasa.

Kisha Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaja Mkwawa kutoa mhadhara. Kijana akasimama: maji ya ujazo sawa, haya ya nyuzi 35 na yale ya nyuzi 100, yakiwekwa kwenye friza, kwa nini ya nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne akaahidi kulijaribu, na aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta jibu kwamba kweli ya moto yametangulia, ila ataendelea kurudia mpaka apate matokeo yaliyo sahihi.

Tunayajua haya kwa sababu yaliandikwa. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala ya Mpemba na Osborne, wakati huo Mpemba akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, Moshi. Humo mna friza, mna kejeli za darasani, na mna kauli ya fundi. Hadi leo wanasayansi wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema ushahidi wa maji ya kawaida hautoshi. Mwaka 2024 wengine wakaonyesha tabia inayofanana na hiyo kwenye ayoni zilizonaswa, katika fizikia ya kwanta, wakaiita kwa jina la Mpemba. Wanaokubali na wanaokataa wote wanarejea ukurasa uleule.

Wenzetu walitambua mapema umuhimu wa kuhifadhi. Tarehe 4 Desemba 1930 mwanafizikia Wolfgang Pauli aliandika barua ya udhuru kwa wanafizikia waliokutana Tübingen, Ujerumani, kwa kuwa yeye alibaki Zurich kwa ajili ya dansi. Katika barua hiyo alipendekeza, kwa kusitasita, chembe isiyo na chaji ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Chembe hiyo, nyutrino, ilithibitishwa kwa majaribio mwaka 1956. Nyaraka za Pauli leo zimehifadhiwa CERN, Geneva, kituo kikubwa cha fizikia ya chembe, zikiwa pamoja na mashaka yake yote.

Sisi je? Niliwahi kununua karanga katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, nikakuta zimefungwa kwa ukurasa wa praktikali ya pendulamu. Jedwali lilikuwa limechorwa kwa rula, na kipimo kimoja kilikuwa mbali na vingine. Mwanafunzi alikuwa amekizungushia duara na kuandika kando kwamba amepima mara tatu na kinarudi vilevile. Mwalimu alikikata kwa wino mwekundu. Sitajua kamwe mwanafunzi yule aliona nini.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazibana ofisi za umma. Lakini makaratasi ya mhadhiri aliyestaafu yako kwenye masanduku nyumbani kwake, na akifariki wanawe hugawana viti na kabati, karatasi zikaenda jikoni.

Ninapendekeza mambo matatu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kitenge chumba cha nyaraka za sayansi, kianze na habari za Mpemba, kwa sababu swali lile liliulizwa hapo hapo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, chenye mizizi katika chuo cha ufundi cha mwaka 1986, kiwafuate wastaafu wake wangali hai, kipokee madaftari na kurekodi maelezo yao. Na kila shule ya sekondari iwe na kabati moja la chuma, lisiloingiwa na mchwa, la kuhifadhi majaribio yaliyotoa majibu yasiyotarajiwa, hata yale yanayoonekana makosa.

Watu wa Iringa hawahitaji kufundishwa thamani ya kuhifadhi. Walisubiri zaidi ya nusu karne mpaka mwaka 1954 fuvu la Chifu Mkwawa liliporudishwa Kalenga kutoka Ujerumani. Fuvu lile lilichukuliwa na wageni. Haya madaftari tunayatupa wenyewe, na wakuu wa shule na vyuo wanaweza kusimamisha jambo hili kabla ya usafi wa mwisho wa mwaka huu.