Kabla ya Kununua Kijibwa

Wazazi wanaokuja kliniki hapa Kariandusi huniuliza: tuwanunulie watoto Maltese au Japanese Spitz? Wote ni weupe, wadogo, wenye manyoya mengi. Maltese hapukutishi manyoya sana, lakini ana kilo 3 hivi. Mtoto wa miaka 4 akimwangusha anaweza kumvunja mguu. Penye watoto wadogo mimi ningechukua Spitz, ingawa manyoya yake yatajaa vitini.

Lakini mbona hakuna anayeuliza kadi ya chanjo? Kichaa cha mbwa hakibagui mbwa wa bei ghali. Achanjwe akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Akimuuma mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Dalili zikishatokea, tiba hakuna.