Viza ya Masomo na Mchango wa Ukoo

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za wafanyakazi huingiwa na furaha na mashaka kwa pamoja. Furaha, kwa kuwa mtoto amefaulu. Mashaka, kwa kuwa amepata barua ya kukaribishwa na chuo kikuu cha ng'ambo, na barua hiyo peke yake haimvushi bahari. Kati ya barua na darasa kuna dirisha moja dogo, nalo ni dirisha la viza. Leo twataka kusema juu ya dirisha hilo, kwani mbele yake hupotea jasho la watu wengi wa nchi hii, na mara nyingi hupotea kwa kutojua.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wazazi wengi wadhani ya kuwa viza ni tuzo ya akili, na kwamba mtoto aliyenyimwa hakusoma vya kutosha. La. Akili imekwisha kupimwa na chuo chenyewe kabla ya kuandika barua. Afisa wa viza hupima zaidi mambo mawili mengine: mfuko wa mwombaji, na nia yake. Mtoto aliyepata daraja la kwanza aweza kuanguka katika mtihani huu wa pili, na yule aliyepata daraja la tatu akafaulu, maadamu baba yake ana fedha na karatasi zake zimenyooka. Hilo ni jambo la uchungu, lakini afadhali tulijue mapema kuliko kulijua baada ya kuuza kiwanja.

Tuchukue Uingereza kuwa mfano, kwa sababu sheria zake zimeandikwa kwa tarakimu na mtu aweza kuzihesabu. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi iliwekwa kuwa pauni 524 mwezi Aprili 2025. Juu yake kuna malipo ya matibabu, ambayo tangu mwaka 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Na kwa kuwa viza ya kozi ya mwaka mmoja hupita miezi kumi na miwili, mwanafunzi hutozwa mwaka mmoja na nusu, yaani pauni 1,164. Akikataliwa, malipo ya matibabu hurudishwa, lakini ada ya kuomba hairudi. Kadhalika Mtanzania anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hana budi kuwa na cheti cha kupimwa kifua kikuu.

Huo ni mlango wa nje tu. Ndani kuna sharti kubwa zaidi. Tangu Novemba 2025 mwombaji hutakiwa kuonyesha fedha ya kula na kulala, pauni 1,529 kwa kila mwezi akisoma London, na pauni 1,171 akisoma nje ya London, kwa miezi isiyozidi tisa. Hesabu ya miezi tisa nje ya London ni pauni 10,539. Tena aonyeshe na ada ya chuo ya mwaka wa kwanza ambayo bado haijalipwa.

Sasa tulinganishe na mshahara wetu. Siku ya Mei Mosi mwaka 2025, kule Singida, ilitangazwa ya kuwa kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi. Wafanyakazi walipiga makofi, nao walikuwa na haki ya kupiga. Lakini mwishoni mwa mwaka ule pauni moja ilikuwa ikizidi shilingi 3,000. Basi mtumishi yule, asipokula, asipopanga nyumba, asipopanda daladala, angehitaji zaidi ya miaka mitano kukusanya fedha ile ya kula na kulala ya mwaka mmoja wa mwanawe, kabla ya kulipa ada ya chuo hata shilingi moja.

Wasomaji watauliza: je, mbona watoto wa wafanyakazi huenda? Huenda kwa sababu ya ukoo. Katika nchi hii mtoto hakusomeshwa na baba peke yake tangu hapo. Shangazi alitoa mbuzi, mjomba alinunua viatu, kaka aliyetangulia kupata kazi alilipa karo, na jirani akaleta bahasha. Hiyo ndiyo benki yetu ya kale, nayo haijafilisika.

Na hapa ndipo penye kisa ambacho hasa tumekusudia kukieleza. Sheria ile ya Uingereza haimtambui mjomba. Fedha huhesabiwa ikiwa ni ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mumewe au mkewe anayesafiri naye, au ya mzazi wake, au ya mlezi aliyethibitishwa kisheria. Au kama ni mkopo rasmi wa masomo au msaada wa serikali au shirika linalokubaliwa. Mjomba aliyemlea mtoto kwa miaka kumi na mitano, kama hana hati ya mahakama, mbele ya dirisha lile ni mpita njia. Taarifa yake ya benki ikiambatishwa kwa moyo safi, maombi hukataliwa, na ada hupotea. Tena fedha yatakiwa ikae katika akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua. Ikipungua siku moja tu, kwa kuwa kulitokea msiba na baba akatoa kidogo cha rambirambi, siku zote zilizotangulia zimekuwa bure.

Basi twawashauri wazazi kwa maneno machache. Mchango wa ukoo ufanyike mapema, uwekwe katika akaunti ya mzazi au ya mwanafunzi mwenyewe, nao usiguswe mpaka siku 28 zitimie. Siku ya mwisho ya taarifa ya benki isizidi siku 31 kabla ya kutuma maombi. Cheti cha kuzaliwa kiwe na jina la mzazi yule yule mwenye akaunti, na mzazi aandike barua ya kukubali fedha yake itumike. Daftari la mchango litunzwe, kwani fedha nyingi iliyoingia kwa ghafla huweza kuulizwa ilikotoka. Anayejua mambo haya haponi umaskini, lakini hapotezi ada kwa kosa la karatasi.

Wako watu mjini wasemao kuna njia fupi. Hukodisha fedha kwa mwezi mmoja ipate kuonekana katika akaunti, hupika taarifa za benki, na huuza barua za kazi zisizo na kazi. Twasema waziwazi ya kuwa watu hawa ni adui wa mfanyakazi. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii ufupi wake hulipwa na mtoto. Sheria ya Uingereza yaruhusu aliyetumia hati ya uongo kufungiwa mlango kwa muda wa miaka kumi. Kijana wa miaka ishirini atakuwa na thelathini kabla ya kubisha hodi tena, na dalali aliyempotosha atakuwa amekwisha kuhamia mtaa mwingine. Hakuna wakala awezaye kuuza viza. Fomu ni ya serikali ya nchi ile, hujazwa na mwombaji, na huamuliwa na afisa wao. Anayehitaji wakala wa kumtafutia chuo aulize kwanza katika Tume ya Vyuo Vikuu kama wakala huyo ametambuliwa, na kama cheti cha chuo kile kitakubaliwa hapa atakaporudi.

Tumesema mambo mawili hupimwa, mfuko na nia. Nia hupimwa kwa ukali zaidi Marekani. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 humdhania mwombaji wa viza ya masomo kuwa ni mhamiaji, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo. Kwa mahakama zetu mtu hudhaniwa hana hatia mpaka ithibitishwe; kwa dirisha lile mzigo wa kuthibitisha ni wa mwombaji, naye huutua katika mahojiano ya dakika chache. Kijana asiye na nyumba, asiye na mke, asiye na kazi, ataonyesha nini cha kumrudisha kwao? Ana mama yake tu na nchi yake, na vitu hivyo havina risiti.

Kisha likaja tangazo la Rais wa Marekani la tarehe 16 Desemba 2025. Tangazo hilo liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake walisimamishiwa viza za matembezi na za masomo kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Burundi jirani yetu ilikwisha kuwekewa zuio la namna hiyo mwezi Juni 2025. Sababu iliyotajwa kwa upande wetu ni hesabu ya wasafiri waliozidisha muda waliopewa.

Hapa twasema maneno mawili yasiyopingana. Neno la kwanza: si haki mwanafunzi aliye Mbeya au Pemba, ambaye hajawahi kupanda ndege, aadhibiwe kwa kosa la mtu asiyemjua. Kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake, lakini mwenye kubisha hodi apaswa kutazamwa uso wake, si uso wa aliyetangulia. Neno la pili: wale wenzetu walioondoka kwa jina la masomo wakajificha huko baada ya muda kwisha, wafahamu ya kuwa hawakujificha peke yao. Walifunga mlango nyuma yao, na nje ya mlango huo wamesimama wadogo zao.

Tukumbuke tulikotoka. Mwalimu Julius Nyerere alisoma Makerere, akafundisha, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh kwa msaada wa masomo. Alirudi mwaka 1952, na kazi aliyoifanya baada ya kurudi yajulikana na mtoto wa shule. Na mwezi Oktoba 1961, hata kabla bendera yetu haijapandishwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Chama kilitoa vyumba vyake kwa kuwa wazee wetu waliona ya kuwa taifa haliwezi kutegemea milele dirisha la mtu mwingine.

Fikra hiyo haijazeeka. Mwaka 2023 chuo mashuhuri cha India, IIT Madras, kilifungua tawi lake Zanzibar, na Mtanzania aweza kuingia darasani mwake kwa kupanda boti. Hilo ni jema kuliko viza mia moja. Lakini hatusemi vijana wasisafiri. Yako masomo ambayo bado lazima yafuatwe ng'ambo, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twasema safari iwe ya kuchagua, isiwe ya kukimbilia.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Serikali yetu, izungumzapo na serikali rafiki, iweke mezani jambo la mchango wa ukoo, ili ndugu aliyemlea mtoto aweze kumdhamini kwa kiapo na ushahidi, kama mzazi. Vyama vya wafanyakazi na vya akiba na mikopo vianzishe akiba ya elimu mtoto akiwa bado shule ya msingi, wala visingoje barua ya chuo ifike ndipo watu wakimbilie kwa wakopeshaji wa riba kubwa. Na wakuu wa shule za sekondari wawaeleze wanafunzi wa kidato cha sita sheria hizi kwa Kiswahili chepesi, kabla dalali hajawaeleza kwa lugha yake.

Na wewe kijana unayekwenda, nenda na kweli mfukoni, usome, urudi. Ukirudi kwa wakati, jina lako huandikwa mahali usipopaona, katika hesabu ya wale waliotimiza ahadi. Na siku mdogo wako atakaposimama mbele ya dirisha lile, hesabu hiyo ndiyo itakayomsemea.