Muguka tulibishana, vinywa hatukuvikagua

Mei 2024 Pwani nzima ilikuwa na habari moja tu: muguka. Gavana Abdulswamad Nassir aliupiga marufuku Mombasa, Gavana Gideon Mung'aro akafuata hapa Kilifi, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hayo. Tukabishana juu ya ushuru, wakulima na vijana wetu wanaoharibika. Vinywa vyenyewe hatukuvizungumza.

Tuseme ukweli. Ushahidi kwamba muguka huleta saratani ya kinywa haujafikia ule wa popoo na tumbaku. Hivi viwili, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeshaviweka kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nasi tambuu twaitafuna harusini na barazani, na kuberi vijana huiweka ndani ya mdomo. Hakuna aliyeandamana kwa hayo.

Saratani hii huwa hatari zaidi inapohama kinywani na kuingia kwenye tezi za shingo. Mwanzoni tezi hazivimbi. Daktari hupapasa asione kitu, kumbe ugonjwa umeshaingia. Ndiyo maana wataalamu wanatafuta dalili ndani ya chembe za uvimbe wenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Uholanzi walitangaza jeni 102 ambazo, zikisomwa pamoja, husaidia kubashiri kama ugonjwa umefika shingoni. Lengo ni asiyehitaji kupasuliwa shingo aepushwe, na anayehitaji asicheleweshwe.

Kuchelewa kuna hasara. Mwaka 2015 madaktari wa Tata Memorial, Mumbai, walieleza kuwa wagonjwa waliopasuliwa shingo mapema, pamoja na kinywa, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliosubiri mpaka shingo ionyeshe ugonjwa walikuwa asilimia 67.5.

Turudi Sabaki. Kipimo cha jeni, hata kikiletwa kesho, chahitaji kinyama kilichokatwa kidondani, na hicho chahitaji mgonjwa aliyefika hospitali. Bi mmoja wa upande wa Mambrui, jirani wa jamaa zangu, alikaa na kidonda ubavuni mwa ulimi miezi saba. Akisukutua maji ya chumvi, akipaka asali, akitumwa mtoto dukani kumnunulia vidonge. "Mwanangu, ni jino lanikwaruza tu," aliniambia. Alipovuka daraja kwenda Malindi, shingo ilikuwa imeshavimba. Hakumaliza mwaka. Allah amrehemu. Nami nilikiona kile kidonda, nikanyamaza.

Basi tusinyamaze tena. Kidonda kisichopona wiki mbili, doa jeupe au jekundu, kinywa kinachokaza kufunguka, uvimbe shingoni: nenda ukakaguliwe, hata kama hakuumi.

Na kaunti nayo ina lake. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wana mikoba yao na huingia majumbani kupima presha na sukari. Wafunzwe pia kuwaangalia kinywa wanaotafuna, kwa tochi, dakika mbili. Mgonjwa akikatwa kinyama cha kupimwa, jibu lirudi kabla ugonjwa haujahama. Hayo hayahitaji mahakama wala maandamano, na Embu hawatatushtaki kwayo.